Akiba Chini ya Kitanda Changu

Nilipoolewa katika kijiji cha Mitaboni, Ukambani, miaka ya tisini, nilianza kuweka akiba chini ya kitanda: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe yaliyokauka vizuri, chumvi, viberiti, mafuta ya taa na mitungi ya maji ya kunywa. Kila nilipotumia kitu, nilirudisha kingine.

Mama mkwe hakupendezwa. "Mwanamke anayeficha chakula anaita njaa," aliniambia mbele ya wageni. "Vitoe vitu hivyo."

"Sivitoi, mama," nikamjibu. "Sijaficha. Nimeweka kwa siku ambayo sokoni hakutafikika."

Wageni waliinamisha macho. Baadaye mume wangu alinisihi niombe msamaha ili nyumba iwe na amani. Nilikataa hilo pia.

Msimu huo mvua ilinyesha mpaka mto ukafurika na kukata barabara. Maduka yakabaki ng'ambo. Paa la jiko la mama mkwe likavuja, na unga wake wote ukalowa. Jioni moja alikuja kwangu, leso imemgandia mwilini, akasimama mlangoni.

Nilimpa kiti karibu na moto na sahani ya muthokoi. Alikula akamaliza.

"Chumvi ni kidogo," akasema.

"Iko nyingi, mama. Nikuongezee?"

Akaninyooshea sahani.

Maji yalipopungua, nilivuka kwenda sokoni. Nilirudi na gunia la maharagwe mgongoni, nikapita katikati ya uwanja wake mchana kweupe, nikamsalimia kwa sauti.