Sura Niliyokunja Mbele ya Sahani ya Wifi

Volkano ilipotoka na lava ikameza nyumba yetu, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alinipokea kwake pamoja na wanangu wawili. Nilikuwa mgeni, na mgeni kwetu hasemi hata chumvi ikizidi. Kwa hiyo nikanyamaza na maumivu yangu. Kila nilipotia tonge la kwanza mdomoni, uchungu ulinichoma karibu na sikio, kisha ukapoa kidogo nikiendelea kula. Nilijua ni jino. Nani Goma hana jino bovu, kwa maji haya ya volkano yanayoharibu meno? Nikaenda kung'olewa moja, kumbe zima kabisa, na maumivu yakabaki palepale.

Wifi alikuwa akiniangalia tu. Ana hasira za karibu, nami si malaika. Mchana mmoja, tumezunguka sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, pamoja na jirani, uvumilivu ukamwishia.

"Miezi yote hii unakunja sura juu ya chakula yangu! Kama haikupendeze, sema mbele ya batu!"

Nikageukia ukutani nisije nikamjibu vibaya. Akanishika taya anirudishe, nikapiga yowe. Vidole vyake vikabaki chini ya sikio langu, vikitafuta.

"Mama, hii kitu nguvu kama jiwe ilianza lini?"

Nikapapasa mwenyewe; kweli, palikuwa na kivimbe. Kesho yake alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari alitoa kipande kikapimwe, na jibu likarudi: kansa ya tezi ya mate. Alisema bado ni ndogo, lakini tusingoje, maana katikati ya tezi hiyo unapita mshipa unaoendesha uso.

Wiki ya upasuaji, waasi walikuwa wamefika Kibumba, karibu kabisa na Goma. Mji ulijaa hofu, na ndugu wakaamua kuvuka mpaka. Wifi aliwakabidhi ndugu hao watoto wangu na wake, yeye akabaki, akilala sakafuni kando ya kitanda changu.

Kansa ilitoka yote. Leo niko mzima, bado tunagombana, na namshukuru Mungu kwa kila ugomvi. Ila ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ile baada ya upasuaji. Daktari aliniambia nifumbe macho, kisha nioneshe meno, aone kama uso unanitii. Nilipofumbua macho nilimwona wifi nyuma yake, machozi yanamtiririka, anaonesha meno yake yote, kama vile angeweza kunisaidia.