Rejeta Iliyofuata Jua

Idd iliyopita tulikuwa njiani kwenda Isiolo, mume wangu akiendesha, watoto wamelala nyuma, gari likaanza kutoa mvuke kabla hatujafika Timau. Akaegesha pembeni, akangoja lipoe kidogo, akafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara. Harufu ikanifikia nikiwa bado nimeketi ndani: mpira uliopata moto, kutu, na maji yaliyochoka. Mtu mwingine angesema ni harufu ya gereji tu. Mimi niliona ua wa nyuma wa nyumba yetu pale Bulapesa, kuku wakitawanyika, na mama akiniita, "Wewe msichana, toka hapo, utajiunguza!" Nikacheka peke yangu. Mume wangu akafikiri namcheka yeye.

Acha nikusimulie. Sisi ni wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao waliletwa Isiolo wakiwa askari wa Mwingereza, wakabaki, na wajukuu wao wakageuka madereva na wachuuzi. Baba alikuwa na lori. Alibeba mbuzi kutoka Garbatulla na Merti hadi Nairobi, na akirudi alileta unga, sukari na mabati. Ulimjua akiwa bado mbali kwa sababu ya mbinja. Alipiga mbinja akifunga kamba, akinawa miguu, akisubiri chai. Ayeeyo, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba, alimkemea kila siku kwamba mbinja huita nyoka ndani ya nyumba. Baba aliacha kidogo, halafu akaanza tena.

Kisha ikaja mvua iliyojaza malaga, ile mito yetu ya mchanga ambayo mwaka mzima hupitiwa na ngamia tu. Lori la baba lilipinduka ndani ya laga moja njia ya Garbatulla. Mbuzi wengi walikufa. Baba alivunjika mguu, akalala hospitali hadi tukazoea kumpelekea chakula kama vile ndiko kwake. Aliporudi nyumbani, wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshalichukua lori. Aliwaomba vipande viwili tu: rejeta, kwa kuwa alikuwa ameinunua mpya muda si mrefu, na kitovu cha gurudumu la mbele pamoja na beringi zake. Vikatupwa nyuma ya nyumba. Yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki, magongo yameegemea ukuta, akitazama chini. Mbinja ikaisha. Sisi watoto tulijifunza kula bila kugonganisha vijiko.

Wakati huohuo shangazi, dada mdogo wa baba, akaja kutoka Garbatulla na mimba yake ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi. Na Ayeeyo ndiye aliyekuwa mkandaji wa wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, katika mtaa wetu wote. Mwanamke akijifungua, Ayeeyo alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na alasiri mpaka arobaini itimie. Maji mengi, ya moto kweli, si ya uvuguvugu. Makaa yalikuwa haba msimu ule. Malori yalikuwa yakizuiwa njiani, na gunia lililofika sokoni lilikuwa nusu vumbi. Jiko letu lilikuwa moja. Mama alilitumia kupika anjera, chapati zetu laini za unga uliochacha, za kuuza tangu alfajiri, na chai ikasubiri anjera, na sasa maji ya mzazi yangesubiri chai. Nilimsikia mama akimwambia shangazi kwa sauti ya chini, "Dada, sijui tutafanyaje. Mungu atajua."

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikifinyanga ng'ombe wa udongo. Maji yakaniishia. Nikakumbuka kwamba rejeta, iliyozibwa midomo kwa matambara, ilikuwa bado na maji yake tumboni, nikafungua kifuniko na kuiinamisha. Maji yakanimwagikia mguuni, nikapiga yowe.

"Baba! Rejeta imechemka!"

"Itachemka vipi?" akajibu kutoka kwenye kiti. "Haina injini."

"Njoo uone!"

Alikuja polepole kwa magongo yake, akatia kidole, akakitoa haraka. Akautazama mguu wangu kwanza, akaona sikubabuka. Kisha akaliangalia jua, uso umekunjamana, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na hajui nani amemwita.

"Niletee spana," akasema.

Tangu siku ile ua wa nyuma ukawa gereji. Alitengeneza sanduku kwa mbao za kitanda kilichovunjika, akalaza rejeta ndani akiwa ameipaka rangi nyeusi. Kioo cha kufunika alikipata kwa jirani yetu mwenye hadiwea ya misumari na vioo, mzee Mmeru aliyekuwa akifungua duka baada ya kuomba kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Kilikuwa na ufa pembeni, hakingeuzika. "Habari ya asubuhi, dereva," alisema akikileta mwenyewe begani. "Nasikia unapika jua." Baba akacheka. Mama, aliyekuwa akikoroga unga, akasimamisha mwiko.

Pipa likawekwa juu ya jukwaa la mawe, likavikwa magunia na godoro kuukuu ili lisipoe. Mipira miwili ikashuka kutoka pipani hadi kwenye rejeta. Maji yaliyopata moto yalipanda yenyewe, ya baridi yakashuka, na baba alinishikisha mpira wa juu ili niyasikie yakipita. Tuliisuuza rejeta ile kwa maji na magadi mpaka mikono ikatuwasha, na bado tulikatazwa kabisa kunywa maji yake. Yalikuwa ya kuoga tu.

Mchana maji yalikuwa moto vizuri. Lakini asubuhi jua lilipiga ubavu wa sanduku, na alasiri likapiga ubavu wa pili, na hizo ndizo saa ambazo Ayeeyo angehitaji maji. Ndipo baba akachukua kile kitovu cha gurudumu, akakifunga juu ya nguzo, akaweka sanduku juu yake liweze kuinama mashariki na magharibi. Sisi watoto tukapewa kazi ya kuligeuza. Unawajua watoto. Tuliligeuza siku chache, halafu chuo cha Kurani kikatoka, mpira ukapigwa, na jua likaenda zake bila sisi.

Baba hakutugombeza. Aliingia ndani akatoka na mpira wa dripu aliorudi nao kutoka hospitali, ule wenye kigurudumu kidogo cha kupunguza matone. Akatundika jerikeni la maji upande wa mashariki wa sanduku, na jiwe upande wa magharibi. Jerikeni likijaa, lilikuwa zito kuliko jiwe, na sanduku liliangalia jua likichomoza. Maji yakadondoka tone kwa tone, jerikeni likapungua uzito, jiwe likavuta upande wake, na sanduku likageuka taratibu na jua mpaka jioni. Matone yaliangukia sukuma wiki za mama. Tulikaa chini tukilitazama likienda, na hatukuliona likienda, kama mshale wa saa. Baba alikuwa akirekebisha kile kigurudumu kwa ncha za vidole, na ghafla nikasikia mbinja.

Aliyekuwa bado hajakubali ni Ayeeyo.

"Maji ya mzazi lazima yapite motoni," alisema. "Maji yasiyojua moshi yataingia baridi kwenye mifupa ya binti yangu."

"Mama, jua si moto?" baba akamwuliza.

"Jua ni jua. Moto ni moto. Usinichanganye."

Akageuza uso, na mazungumzo yakaishia hapo.

Halafu ukaja upepo. Ukikaa Isiolo utaujua, ule wa vumbi unaong'oa mabati na kujaza mchanga hadi kwenye chumvi. Shangazi alikuwa amebakisha siku chache. Tulisikia nguzo ikilia, baba akatoka mbio kwa gongo moja tu, akalikumbatia sanduku. Upepo ukawaangusha wote wawili. Tulipofika alikuwa amekaa chini katikati ya vipande vya kioo, mkono unatoka damu kidogo, na hakutaka kuinuliwa. Jirani Mmeru akaja kumshika kwapani. "Pole, dereva. Mguu je?" Baba akasema mguu ni mzima. Akarudi kwenye kile kiti cha plastiki, akatazama chini. Mama alipomletea chai, aliiacha mpaka ikafanya utando.

Tulirudi pale tulipokuwa. Hata mimi mtoto nililijua hilo, na liliniogopesha kuliko lori lililopinduka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Ayeeyo sebuleni, ameketi mbele ya kabati lake la vyombo. Kabati lile lilikuwa roho yake. Lilikuwa na milango ya vioo ya kusukuma, na ndani yake kulikuwa na birika na vikombe vya maua ambavyo havikuwahi kunywewa chai na mtu yeyote. Sisi tulikatazwa hata kukipumulia kioo. Alikuwa akiutoa mlango kwenye reli yake, kwa kisu cha jikoni.

"Shika huku," akaniambia. "Ukiuangusha, usirudi ndani ya nyumba hii."

Tukaubeba hadi uani, akauegemeza kwenye goti la baba.

"Mama, si ulisema huyataki maji haya?"

"Sijasema nayataka." Alikuwa akihema. "Maji nitachemsha hata kwa mavi ya ngamia. Nataka mwanangu. Inuka."

Baba aliweka kiganja juu ya kile kioo. Kisha akaniomba futi ya kupimia.

Safari hii nguzo ilifungwa kwa waya pande zote. Shangazi alijifungua hospitalini, mtoto wa kike, akaletwa nyumbani asubuhi. Mama alijaza beseni kutoka pipani, mvuke ukipanda, akaliweka mbele ya Ayeeyo bila kusema yametoka wapi. Ayeeyo akatia kiwiko. Kisha akaagiza chetezo chake cha uunsi, ule udi wa kina mama wa Kisomali, akakizungusha juu ya beseni mpaka nyumba nzima ikanukia.

"Sasa yamejua moshi," akasema, akakunja mikono ya gauni lake.

Kwa muda ua wetu ulikuwa njia ya watu. Wanawake waliojifungua walichotewa maji kwa ndoo, wa msikitini na wa kanisani. Baba akaanza kuitwa huku na huko kutengeneza pampu na jenereta, mpaka mguu ukapata nguvu, na tajiri mmoja akampa lori aliendeshe.

Ayeeyo hayuko tena. Idd hiyo iliyopita nilikuta ua wa nyuma umejengwa vyumba vya kupangisha, na bafuni kuna bomba la kuogea linalopasha maji kwa umeme. Yule mtoto wa shangazi sasa ni msichana mrefu, alikuwa akilalamika kwamba maji yanachelewa kupata moto. Jioni nilikaa na baba barazani, nikamwuliza ni nani alikibomoa kile chombo chetu cha jua.

"Hakuna aliyekibomoa," alisema. "Mimi nilirudi barabarani, wewe ukaenda bweni, shangazi yako akarudi kwake. Asubuhi moja hakuna mtu aliyejaza jerikeni. Kikabaki hivyohivyo, kimeangalia magharibi."

Nimejaribu sana kuikumbuka asubuhi hiyo. Siikumbuki. Bila shaka nilikunywa chai, nikavaa viatu, nikapita hapo karibu nikienda zangu.