Siki Waliyoiogopa

Nilipokuwa nafundisha wauguzi Morogoro Mjini, niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye zahanati moja juu milimani Uluguru, kuwapima akina mama saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake walijaa barazani, lakini hakuna aliyekubali kuingia chumbani. Walitutazama tu, wakinong'onezana kwa Kiluguru.

Nilimwamkia mama mmoja aliyenizidi umri kidogo. "Marahaba," akajibu, kisha akaionyesha chupa aliyoshika mwanafunzi wangu. "Hiyo mnayotaka kutupaka si ndiyo dawa ya kufunga kizazi?"

"Ni siki, mama. Tukiipaka, penye tatizo panageuka peupe."

Akainusa, akalamba tone moja, akakunja uso. "Siki kweli. Na wewe umeshapimwa?"

Nilimwambia nimepimwa. Hakuniamini hata kidogo. "Basi lala, tuone."

Wanafunzi waliangalia chini. Niliona aibu kuvua nguo mbele ya watu ninaowafundisha, lakini nikaingia naye chumbani pamoja na wanafunzi, nikapanda kitandani, nikamwita binti aliyekuwa mwoga kuliko wote anipime. Akachovya pamba kwenye siki.

"Polepole, kama nilivyokufundisha," nikamwambia.

Yule mama alisimama pale pale akimkazia macho mpaka mwisho. Nilipomaliza kuvaa, akaniuliza kama kuna mahali panaponiuma. Nikasema hapana. Akanipima kwa macho, kisha akavua kanga yake ya juu na kupanda kitandani.

Wengine waliingia baada yake, wawili wawili: mmoja akilala, mwenzake akisimama kando kutuchunga.