Maji ya Kuoshea Mguu wa Akida

Nilikuwa mpishi wa akida wetu pale Ifakara, na katika watu wote niliowatumikia sijaona aliyeutesa mguu wake mwenyewe kama yeye. Alikuwa mtu wa pwani, ameletwa na Wadachi akusanye kodi na kutusukuma kwenye mashamba ya pamba. Alivaa buti za askari zilizomzidi miguu, na hakuzivua hata kulala. Aliamini funza huingia kwa washenzi tu.

Sisi washenzi tulikaa milangoni kila jioni, tukachokoana funza kwa mwiba, tukapaka mafuta ya nyonyo kwenye tundu, basi. Mkewe, Mndamba kama mimi, alimwomba amtazame miguu. Alijibu kwamba mwiba ni wa watu wasio na viatu. Funza hawakujali cheo. Waliingia kwa juu ya buti, wakakuta giza na jasho, wakakaa. Ikafika siku harufu ikawa inatangulia barazani, bwana akifuata nyuma.

Daktari wa Kidachi aliyekuwa akipita kwenda Mahenge aliamuru buti ivuliwe. Ilibidi ichanwe kwa kisu. Kidole gumba kilikuwa cheusi na kifundo kimevimba. Daktari alisema kupitia mkalimani kwamba atakikata kidole akirudi. Kabla ya hapo mguu uoshwe asubuhi na jioni kwa maji ya moto yenye chumvi, ukaushwe, uachwe wazi. Akitii atapoteza kidole, asipotii, mguu.

Daktari alipoondoka tu, ikaja habari ya vita. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wakinywa maji ya dawa, wakiamini risasi za Wadachi hazitawapata. Akida, ambaye alikwisha kufunga watu kwa kukutwa na kibuyu cha maji tu, sasa aliona uasi katika kila chombo. Nikampelekea beseni.

"Shikamoo, bwana. Maji ya mguu."

"Nani ameyateka?"

"Mimi, bwana. Mtoni."

"Kunywa."

Mkewe aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikanywa, chumvi na moto vikaniunguza ulimi.

"Kwa hiyo na wewe umekunywa."

Akamwita askari anifunge. Mkewe ndiye aliyeniokoa.

"Mfunge, bwana. Kesho nitakupikia mimi, kwa maji ya mto huohuo."

Akaniacha, lakini beseni likamwagwa uani. Tangu hapo nikileta maji bila kuonja, nimetia dawa; nikionja, mimi mwasi. Mkewe naye alijaribu.

"Tia mguu tu, bwana. Mimi nitakushikia."

"Ndugu zako wangapi wamekwenda huko?"

"Huko wapi?"

"Unajua."

Akida akauzungushia mguu kilemba kikuukuu na kuutumbukiza katika buti nyingine, kubwa zaidi, aliyomnyang'anya askari. Alisema waasi wakimkuta peku watamdhania mshenzi. Mtu aliyeogopa kufanana nasi kiasi hicho, sijui alitaka tumlilie vipi.

Daktari alirudi na kikosi. Alipofungua kilemba, hata mkalimani alirudi nyuma.

"Uliuosha?"

"Hapa hapana maji ya kuaminika, bwana mkubwa."

Daktari akatazama mitungi iliyojaa maji kando ya ukuta, akamtazama yeye. Hakumkaripia. Alipitisha kidole chake hewani juu ya kifundo, kuonyesha mahali kisu kitakapopita, akaniamuru nichemshe maji.

Nikaleta beseni. Safari hii akida hakuuliza nani ameyateka, wala hakuniambia ninywe, kwa kuwa Mdachi alikuwa amesimama pale. Aliunyoosha mguu mwenyewe. Nikauosha kwa sabuni, polepole, tangu vidoleni hadi gotini, kama nilivyoagizwa, ingawa kuanzia kifundo kwenda chini kazi hiyo ilikuwa ya bure.