Usingizi wa Jasim

Treni zilipoanza kupita Al Wakrah, mji wa Kiarabu nilikofanya kazi za ndani, madamu alinihamishia chumba cha nyuma, kilichopakana na reli. "Nyie mmezoea makelele," alisema. Kisha akanipa na mwanawe mchanga, Jasim, nilale naye, ili yeye alale vizuri.

Mama mkwe wake alipokuja kukaa, madamu aliona haya, akamchukua mtoto chumbani kwake mbele, kwenye kimya. Jasim alilia mpaka sauti ikamkauka. Madamu akanigeukia: "Umemroga, Zuleikha! Utarudi kwenu Tanga."

Nilimbeba Jasim hadi chumba cha nyuma, bibi yake akanifuata. Treni ikapita, dirisha likatetemeka. Mtoto akapiga mwayo, akalala.

"Amelelewa humu?" bibi akauliza.

"Tangu alipotoka arobaini, Hajja."

Akamwita mkwewe. "Mtoto amezoea hapa, na mama yake ni wewe. Hamia humu. Zuleikha apewe chumba cha wageni, kule mbele."

Mungu si Athumani. Asubuhi madamu aliingia jikoni macho mekundu kama pilipili. Nikamwekea chai, nikamuuliza kwa adabu zote, "Umelalaje, madamu?"