Kope za Mwali

Msinihurumie, maana sistahili. Jicho la kulia la binti wa kaka yangu nimeliua mimi, kwa mikono hii hii iliyosifiwa kwa kusaga msiro, na nimeliua kwa ajili ya kope. Kope! Vinyweleo alivyoviweka Mungu vizuie vumbi!

Mnakumbuka Palma yetu, huku kaskazini mwa Msumbiji, ilivyoingiwa na wazimu gesi ilipogunduliwa huko baharini. Mwenye chumba kibovu alikiita hoteli. Wakaja wasichana wa Maputo kufanya kazi maofisini, kope zimewasimama mpaka unajiuliza njia wanaionaje. Basi wanawake wazima wa kwetu, wake za watu, wakaanza kujitazama kwenye vioo na kununa. Gesi yenyewe hata chai hatujaichemshia, tumeambulia wivu wa kope!

Mimi niliwacheka hadharani. Kumbe moyoni nilikuwa mjinga kuliko wote.

Binti wa kaka akaposwa na dereva wa kampu, kambi ya watu wa gesi, nami shangazi mtu nikawa somo wake. Kazi yangu kumweka ndani, kumfunda, na kumpaka msiro, ule weupe wa mti tunaousaga jiweni kwa maji, mpaka siku ya kutoka. Nikawaza: huyu bwana kila siku anawapakia wale wa Maputo garini, mwali wangu lazima awapite. Nikaenda sokoni nikatafuta mafuta ya kuotesha nywele.

"Haya ni ya kichwani, mama," muuzaji akasema.

"Nywele ni nywele. Nipe."

"É contigo. Shauri yako."

Nikawa nampaka kwenye kope asubuhi na jioni, halafu msiro juu yake. Mara ya kwanza tu mtoto akanishika mkono. "Shangazi, yanawaka."

"Nyamaza! Mwali hasemi. Na kwa mumeo utapiga kelele hivi hivi?"

Hakusema tena. Akawa analia tu. Na kwetu mwali kulia ndiyo sifa yake, ndiyo heshima ya wazazi. Wanawake waliokuja kumtazama waliona machozi yanachora mistari kwenye msiro, wakapiga vigelegele. "Analia! Huyu kafundwa!" Nami nikavimba kichwa, nikapokea pongezi. Mtoto anaungua macho, sisi tunashangilia! Mijitu mizima, hakuna hata mmoja aliyeuliza analia nini.

Siku ya kutoka nikamwosha uso. Kope zikabaki kwenye kitambaa. Macho yalikuwa yamevimba, na lile la kulia limefunga utando.

Hospitalini, daktari akauliza kwa Kireno kwa nini hakusema mapema. Kaka yangu akanigeukia. Jicho la kushoto lilipona, la kulia halioni mpaka leo.

Dereva alimwoa hivyo hivyo. Hakuwahi kuulizia kope za mtu yeyote, ni mimi na ujinga wangu niliyemsemea moyoni. Kaka hanisemeshi. Wenye mabinti wakiniona wanabadili njia, na wana haki.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mtoto. Nilikuwa na maneno tele, kwamba nampenda, kwamba nilitaka apendeze, kwamba ni mambo ya Mungu. Hata Mungu nilitaka kumsingizia! Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilikuambia, shangazi," akasema, akaingia ndani.

Ni kweli aliniambia, nami nikamziba mdomo.

Nyinyi mnaojipaka uchafu wa chupa machoni ili mfanane na watu msiowajua, pakeni, macho ni yenu. Lakini wewe mwenye mwali ndani, sikia la mpumbavu mwenzio: akikuambia yanawaka, chukua maji umwoshe. Adabu itamngoja.