Waya wa Breki

Juzi sokoni Lushoto niliona baiskeli imegeuzwa magurudumu juu, na harufu ya gundi ya pancha ikanikumbusha alasiri moja nikiwa msichana mdogo.

Baba alikuwa amefunga tenga la peasi nyuma, mimi nimekaa mbele kwenye fremu, tunateremka kwenda Soni kuwahi wanunuzi. Kabla ya kona ya kwanza tairi likatoa upepo. Kando ya barabara palikuwa na fundi. Aliziba pancha vizuri, hiyo ni haki yake niiseme. Lakini alipomaliza akaanza kuchokonoa kwingine.

"Mzee, spoki mbili hazipo. Na hii breki, mh!"

Nilidhani anajitafutia kazi. Nikasema kwa sauti, "Baba twende, huyu anatuharibia baiskeli."

Fundi akacheka. "Haya mama, bana breki mwenyewe."

Nikabana kwa hasira, na waya ukakatika, ta! Nililia sana. Nilijua nimeivunja baiskeli na peasi zitaoza kwa sababu yangu.

"Hujavunja kitu," fundi akasema, akatuonyesha ncha ya waya. Nyuzi zote zilikuwa zimeliwa na kutu, ila moja. "Na waya mpya leo sina."

Labda maneno mengine nimeyasahau, ila uso wa Baba sijausahau. Aliutazama mteremko, akanitazama mimi, kisha akashika usukani na kuanza kuisukuma baiskeli tukitembea kwa miguu.

"Baba, tutachelewa!"

"Tuchelewe, mwanangu."